Mimi nataka Bangkok ya kupumzika, mume wangu anataka ya kufunga mzigo

Anti, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga, umri umevuka arobaini kidogo. Mume wangu ana duka la nguo Ngamiani, na mzigo wake huchukua Kariakoo. Tuna watoto watatu. Tangu tuoane hatujawahi kusafiri sisi wawili tu. Safari zetu zote ni misiba, harusi na kupeleka watoto bweni.

Miaka ya karibuni tukaanza kuweka akiba ya safari moja kubwa. Yeye aliniambia nichague mahali, nikachagua Bangkok. Usinicheke, Anti. Nafundisha jiografia. Nimechora mto Chao Phraya ubaoni mpaka mkono umeuzoea, nimewafundisha wanafunzi kilimo cha mpunga cha delta ile, na mwenyewe sijawahi kuuona. Nilitaka niamke asubuhi, nifungue pazia, mto uwe pale chini.

Fedha iliyopo ni milioni 9. Katika hizo, milioni 5 na nusu ni zangu, nimezitoa kwenye mshahara na kikoba. Tiketi tulizoulizia ni kama milioni 2.3 kwa mtu, kwenda na kurudi kutoka Dar, kwa hiyo zinabaki milioni 4.4. Tunakaa usiku nane. Mimi sitaki anasa, nataka kiwango cha kati. Nimesoma kwamba msafiri wa kiwango cha kati Bangkok ajiandae kwa dola 100 kwa siku, nikaona kwa watu wawili hatufiki, nikaanza kukata huku na huku. Nimepata hoteli ya mtoni ya baht 4,000 kwa usiku. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza.

Baba watoto anasema hoteli ni mahali pa kufumba macho, na macho yakishafumbwa vyumba vyote ni sawa. Ametafuta hosteli, kitanda kwa baht 400. Chakula anasema tubebe maharage ya kopo na mikate, maana sisi ni Waislamu na huko hatujui nani kachinja nini. Fedha itakayookolewa, kama milioni 2 na nusu, tuingie nayo soko la Pratunam tununue nguo, tukirudi aziuze na safari ijilipe yenyewe. Wifi yangu naye amekwishatoa oda ya magauni na hajatoa hata senti. Biashara tangu Ramadhani imekuwa ngumu, najua, siku hizi anarudi kutoka dukani hasemi. Lakini hii ilikuwa safari yetu. Nikifikiria kutwa nzima kubeba mifuko ya nguo na usiku kulala kitanda cha juu kama mwanafunzi, machozi yananitoka. Sisemi hivi kwa sababu nimechangia zaidi, ila inauma.

Tumepanga likizo ya Desemba. Niendelee kushikilia hoteli yangu, nimwachie afanye biashara yake, au tuahirishe kabisa? Na hiyo bajeti ya kati inapangwaje kwa watu kama sisi?

Mwalimu, Tanga

*

Marahaba, mwalimu. Sijacheka. Mtu aliyeuchora mto miaka yote hiyo ana haki ya kwenda kuuona.

Kama nimekuelewa, mna fungu moja la fedha na safari mbili ndani yake. Yako ni ya mke na mume waliokosa nafasi ya kuwa wawili. Ya mwenzako ni ya mfanyabiashara anayefunga duka siku tisa na kutumia milioni 9 katika mwaka mbaya. Kila mmoja ameshapanga bajeti kamili ya safari yake, na kila bajeti imeimeza ya mwenzake. Wewe umeweka karibu milioni 2 na laki 6 kwenye chumba, yeye anataka kuweka karibu hizo hizo kwenye mzigo.

Nianze na hesabu, maana nadhani imewatisha zaidi ya inavyostahili. Ile dola 100 kwa siku uliyoisoma, jiulize imeandikwa kwa ajili ya nani. Mara nyingi ni mtu mmoja anayelala chumbani peke yake na jioni anakunywa bia na vinywaji vya kwenye baa za juu ya ghorofa, ambapo glasi moja inaweza kuvuka baht 400. Thailand pombe ina kodi kubwa, na katika bajeti za wageni inakula sehemu nono. Ninyi hamnywi, na chumba mnagawana. Takwimu ile si yenu.

Chukua baht moja kwa shilingi 80. Ni makadirio ya karibu tu. Milioni 4.4 ni baht 55,000. Chumba safi cha watu wawili, chenye kiyoyozi na bafu lake, karibu na kituo cha treni ya juu, maeneo kama Ratchathewi, Ari au On Nut, hupatikana kwa baht 1,500 hadi 2,000. Tuseme 1,800 kwa usiku nane, ni 14,400. Chakula cha wawili baht 900 kwa siku kinawatosha vizuri, kwa sababu sahani ya mtaani ni 50 hadi 80 na kwenye kumbi za chakula za maduka makubwa haizidi sana hapo. Kwa siku tisa, 8,100. Usafiri weka 350 kwa siku: treni ya juu huanzia baht 17, na boti ya bendera ya machungwa kwenye Chao Phraya ni baht 16 popote uendapo. Hiyo ni 3,150. Kasri la mfalme ni 500 kwa mtu, hekalu la Wat Pho 300, hekalu la Wat Arun 200, kwa hiyo ninyi wawili 2,000. Kukandwa miguu, 300 kwa saa, mara mbili kila mmoja, 1,200. Siku moja mji wa kale wa Ayutthaya, 1,500, na hapo mtabakiwa na chenji, maana treni ya kawaida ya daraja la tatu ni chini ya baht 50. Laini ya simu na vidogo vidogo, 1,000.

Jumla 31,350, yaani kama milioni 2 na nusu. Hiyo ndiyo Bangkok ya kiwango cha kati kwa watu kama ninyi, na imebaki milioni 1.9. Toa viza, chanjo, bima, basi la Tanga hadi Dar na usiku wa kulala Dar, kisha weka akiba ya dharura ambayo sijaiona kabisa kwenye barua yako. Mnachogombania kweli, mwalimu, ni milioni moja na kidogo. Si milioni 9. Pengine mkikaa mezani na namba hiyo, sauti zitashuka.

Sasa nikuulize kuhusu mto. Ni mto unaoutaka, au ni chumba? Sikuulizi kwa kukubana. Mto Bangkok ni wa bei rahisi. Ukipanda ile boti ya baht 16 gati la Sathorn ukaenda nayo juu mpaka Nonthaburi, unapita mahekalu, majahazi ya mchanga yanayovutwa na tagi, nyumba za mbao zilizosimama majini, na wanafunzi wa sare wanaoshuka mbio kabla boti haijafungwa vizuri. Kuvuka kutoka Tha Tien kwenda Wat Arun ni baht 5. Ayutthaya nako, uliokuwa mji mkuu hadi 1767, utasimama pale mito ya Chao Phraya, Lopburi na Pa Sak inapokutana, na nadhani hapo mume wako atapewa kipindi kizima akitaka asitake. Ikiwa ni mto, umeupata. Lakini ikiwa ni lile pazia la asubuhi na mwenzako yupo karibu bila simu ya duka, hilo ni jambo jingine, nalo lina thamani yake. Halihitaji usiku nane, hata hivyo. Usiku mbili za mwisho kwenye hoteli yako ya 4,000 zinaongeza baht 4,400 tu, yaani shilingi 352,000. Hatari yake ni kuhamahama na mabegi katikati ya safari, na wengine hawapendi kabisa usumbufu huo.

Kwa upande wa mzee, sitaki umwone mchoyo. Wafanyabiashara wetu waliijua Bangkok kabla Guangzhou haijawa njia ya kila mtu, kwa hiyo wazo lake halikutoka hewani. Ila hesabu yake nayo ina matundu, na ingekuwa vizuri kama angeyaona mwenyewe. Kwenye jengo la Platinum pale Pratunam bei ya jumla huanza ukichukua vipande vitatu, na maduka mengi hayaruhusu kujaribu nguo. Nguo nyingi zimeandikwa saizi moja kwa wote, na huyo "wote" ni binti mwembamba wa Kithai. Je, wateja wake wa Ngamiani watazivaa? Anashindana pia na mzigo wa Kariakoo ulioingia kwa kontena, wakati wake utaingia kwa begi. Bidhaa za kuuza zinatozwa ushuru hata zikiwa kwenye sanduku lenye taulo lako, na ule msamaha wa vitu binafsi vya abiria haumhusu mtu anayeshusha magauni arobaini yanayofanana. Aandike bei ya Pratunam, aongeze ushuru na siku tisa za duka kufungwa, kisha aweke pembeni bei anayochukulia Kariakoo. Huenda faida ipo. Huenda ikawa ni nauli ya bodaboda. Mwache aione yeye.

Hosteli nayo, sijui kama amesoma maelezo yake mpaka chini. Baadhi ya mabweni hutenganisha wanawake na wanaume, na yasiyotenganisha yanachanganya wote, wageni kwa wageni, kitanda juu ya kitanda. Muulize kwa upole anataka lipi kati ya hayo mawili kwa mke wake. Chumba cha faragha cha bei ya chini kipo, kama baht 700 au 800, na hapo tofauti na kile cha 1,800 ni kama shilingi elfu 80 kwa usiku. Hilo linajadilika. Bweni, sidhani hata yeye amelifikiria.

Kwa chakula ondoeni hofu, na yale makopo yaacheni Tanga. Bangkok ina Waislamu wengi wa miaka mingi. Barabara ya Phetchaburi, Soi ya 7, kuna Msikiti wa Darul Aman, na uchochoro mzima unauza chakula cha halali. Tafuteni khao mok gai, wali wa manjano na kuku, mkiuonja mtadhani mko kwenye pilika za biriani ya Ijumaa. Karibu na hapo, kando ya mfereji wa Saen Saep, ni Ban Krua, mtaa wa Waislamu wa Kicham waliofuma hariri kwa vizazi. Sasa tazama ramani: Soi hiyo iko Ratchathewi, na kutoka hapo Pratunam mnakwenda kwa miguu. Chumba cha wastani pale kingewaweka karibu na msikiti, chakula, treni, na soko la mwenzako. Anaweza kutoka asubuhi akaangalia bei wakati wewe bado umelala, akarudi mkala pamoja.

Kwa hiyo njia ulizonipa ni tatu, nami naona zimezidi hapo.

Ukishikilia hoteli yako usiku zote nane, unaweza kushinda na ukasafiri na mtu aliyenuna. Milioni 4.4 zitakaza pia. Chumba baht 32,000, mengineyo karibu 17,000, na baada ya viza hamna cha kushika mmoja wenu akiugua.

Ukimwachia yeye yote, duka linaweza kupata mzigo, lakini umeshaniambia machozi yanakutoka hata kabla ya kupanda ndege. Na mzigo usipouzika, mtakuwa mmepoteza mapumziko na mtaji kwa pamoja. Hilo litasemwa kila mkigombana, na ninyi mnajua.

Mnaweza kugawa ile milioni na kidogo: kiasi fulani ni chake cha biashara bila maswali, kiasi fulani ni chako cha mto bila maswali, na asubuhi mbili tu ziwe za soko. Baadhi ya mashirika yanaruhusu kilo 46 kwa abiria kwa njia hii, someni tiketi zenu, basi sanduku moja la kurudia liwe lake. Nimeona wengine ikiwafaa. Kasoro yake ni kwamba watu wakishaweka mipaka ya fedha huanza kuweka mipaka ya siku, mwisho kila mmoja anazunguka mji peke yake. Wifi na oda yake asiingizwe kwenye fungu lolote mpaka atume fedha. Hapa nasema bila kuzunguka.

Kuna tarehe pia. Desemba ni msimu wa juu Bangkok, hali ya hewa nzuri na bei za vyumba zimepanda, hasa wiki ya mwisho. Wewe una likizo ya Juni. Juni ni masika yao, lakini mara nyingi mvua ni ya kishindo cha mchana inayokwisha, na vyumba hushuka bei. Huenda hoteli ya mtoni ikawa si ya 4,000 tena. Upande mwingine, kusogeza tarehe kunampa mtu nafasi ya kusogeza tena, na akiba ya safari ikikaa sana nyumbani hugeuka ada au bati.

Nirudi kwenye mambo mawili ya barua yako ambayo hayana baht ndani yake. Umenitajia mchango wako wa milioni 5 na nusu mwanzoni, kisha mwishoni ukasema husemi kwa sababu umechangia zaidi. Mwalimu, umesema. Na huenda una haki ya kusema. Swali langu ni kama yeye ameshawahi kulisikia kwako, au analibeba mwenyewe moyoni kila akifungua duka tupu. Mwanamume aliyechangia kidogo anaweza kutaka safari "ijilipe yenyewe" kwa sababu nyingine kabisa, tofauti na kupuuza mapumziko yako. Pili, ulilipita haraka neno kwamba tangu Ramadhani anarudi hasemi. Umemuuliza ana nini? Simaanishi kuuliza mauzo. Kama kuna deni la Kariakoo hujaambiwa, ni heri mlijue sasa kuliko kulijulia chumbani Bangkok. Na kama hakuna deni, amechoka tu, basi mapumziko unayoyapigania yanamhusu yeye pia, na labda hajaambiwa hivyo.

Sitakuchagulia. Ningependa tu mkae na karatasi moja. Kila mmoja aandike kitu kimoja ambacho akikikosa safari haitakuwa safari, na vitu viwili anavyoweza kuviacha bila kinyongo. Ukikuta cha kwake si mzigo, usishangae.

Mengine ni ya maandalizi, nayapitisha haraka. Watanzania tunahitaji viza, na sasa inaombwa mtandaoni. Ombeni wenyewe kwenye tovuti ya serikali yao. Kadi ya kuwasili nayo hujazwa mtandaoni ndani ya siku tatu kabla ya kufika. Ni bure, ukiombwa malipo umeingia tovuti ya matapeli. Uhamiaji wanaweza kutaka kuona baht 20,000 kwa mtu au 40,000 kwa familia, kwa hiyo hata mkipanga kutumia kidogo, fedha iwepo. Dola bebeni za mia mia, mpya, zisizo na mikunjo wala maandishi, na mbadilishe mjini au kwenye maduka ya ghorofa ya chini uwanjani Suvarnabhumi, pale mnapopandia treni ya kwenda mjini, ambayo nauli yake haizidi baht 45. Mashine za ATM hukata 220 au zaidi kila mkitoa na kadi ya nje. Nje ya kasri akitokea bwana mtanashati akawaambia leo pamefungwa, panda bajaji yangu kwa baht 20, mpiteni: mwisho wa bajaji hiyo ni duka la vito. Kasrini mabega na magoti yafunikwe, na wewe kwa hilo huna shida, tia tu kanga moja ya ziada kwenye mkoba.

Na kadi ya njano. Chanjo ya homa ya manjano lazima iwe imetimiza siku kumi kabla ya kusafiri, na kwa abiria wa kutoka kwetu wanaiangalia kweli. Kama mlishachanjwa zamani, kadi haiishi muda. Itafuteni wiki hii.